Karatasi Ilitulisha

Mimi ni mpiga mashine. Nimeandika kwa vidole vyangu silabusi, tasnifu, majarida na vitabu vyenye majina ya watu wengine juu ya jalada, na sina neno kuhusu hilo, ndiyo kazi niliyoichagua. Natoa ushuhuda huu kwa sababu vijana wa Lubumbashi wanaosoma leo kwenye simu wanadhani vitabu vya chuo kikuu vimekuwa vikitoka Paris au Kinshasa tangu zamani. Sivyo. Vingi vilitengenezwa hapa hapa, katika vyumba vyenye harufu ya wino na petroli. Na miaka ile nchi ilipotushinda, kazi hiyo ndiyo iliyoweka bukari, ugali wetu, mbele ya wanangu. Mungu ni shahidi wangu.

Niliajiriwa mwaka 1976 katika ofisi moja iliyochapa maandishi ya masomo kwa ajili ya walimu na wanafunzi. Nilikuwa nimetoka shule, sehemu ya biashara, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Aliyenipokea ni mzee wa mtambo, Mluba wa Kasai aliyezaliwa hapa wakati mji bado unaitwa Élisabethville. Alinitazama nikiandika mstari mmoja, akasema: "Mutoto yangu, usikimbie. Stensili haina huruma."

Kwa wasioijua, stensili ilikuwa karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye mashine ili herufi za chuma zikate nta yenyewe. Ukigonga kwa nguvu, tumbo la herufi "o" linadondoka na kuacha tundu, na kwenye nakala zote litatoka doa jeusi. Ukigonga kwa woga, herufi haionekani kabisa. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu kali ya rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ikauke, unagonga upya. Baadaye stensili inavishwa kwenye ngoma ya roneo, mtu anazungusha mkono, na kurasa zinaanguka moja moja zikiwa bado na unyevu wa wino. Zikishakauka tulizipanga kwa mafungu juu ya meza ndefu, tukaizunguka meza ile tukiokota ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka kitabu kikatimia mkononi. Pini mbili, jalada la karatasi ngumu, kazi imekwisha.

Mashine zetu zilikuwa na mpangilio wa Kifaransa, ambamo herufi "w" iko chini kabisa kushoto, chini ya kidole kidogo, kwa kuwa Wafaransa hawaihitaji sana. Lakini sisi tulikuwa tunaandika pia Kiswahili. Kiswahili bila "w" hakiendi hatua. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ulikuwa unaniumiza kidole hicho kuliko kurasa kumi za sheria. Hata leo hakinyooki vizuri.

Nilibahatika kuingia kazini wakati Lubumbashi ilikuwa inaandika kwa bidii. Mzee wa mtambo alipenda kutupa historia wakati wa chakula cha mchana, na mengi niliyoyajua kwanza niliyasikia kwake. Alitueleza kwamba mwaka 1946 Wabelgiji walianzisha hapa mjini kituo kilichoitwa CEPSI, cha kuchunguza matatizo ya jamii ya wenyeji, kikiwa na jarida lake. Lilikuwa jarida lililoandika juu yetu, halikuandikwa kwa ajili yetu. Mwaka 1956 chuo kikuu cha serikali kikafunguliwa. Mwaka mmoja baadaye kampuni ya migodi ya Union Minière ikaanza gazeti lake la wafanyakazi, Mwana Shaba, ambalo liliingia mpaka kwenye nyumba za kambi na kuwafundisha watoto wengi kupenda kusoma. Mimi ni mmoja wao.

Kisha ukaja mwaka 1971. Serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, na masomo ya fasihi na sayansi za jamii yakaletwa Lubumbashi. Wengine walisema ni adhabu, kuwaweka wasomi mbali na Kinshasa. Kwetu sisi wa karatasi ilikuwa neema. Ghafla mji wa shaba ukajaa watu wa kalamu. Alikuwepo Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyekuwa ameanzisha Éditions du Mont Noir. Alikuwepo Georges Ngal, ambaye riwaya yake ya Giambatista Viko ilitoka hapa hapa Lubumbashi mwaka 1975, kwa jina la Éditions Alpha-Oméga, kabla Paris haijaichapa tena miaka ya themanini. Watafiti wa CELTA, kituo cha isimu cha chuo kikuu, walichunguza lugha zetu, pamoja na Kiswahili hiki cha mitaani ambacho walimu wa shule walikuwa wanatuchapia fimbo. Wenzao wa kituo cha CERDAC wakakusanya nyaraka za historia na kutoa jarida la Likundoli. Ukiyatazama machapisho mengi ya miaka ile utaona yalivyo: herufi za mashine, pambizo zilizopinda kidogo, jalada la rangi moja. Hayakuwa na sura ya kupendeza. Lakini yalikuwa elimu yetu, na mwanafunzi wa kawaida aliweza kuyanunua.

Mume wangu alikuwa kwenye tanuri za Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali. Katikati ya miaka ya themanini kampuni hiyo ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka, na mfanyakazi wake alipata mshahara, gunia la unga, shule ya watoto na hospitali. Mimi na mshahara wangu mdogo nilionekana kama mtu anayejipitishia wakati. Majirani waliniuliza mara nyingi kwa nini ninajichosha.

Sasa nifike kwenye giza.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia kwenye mabweni ya chuo kikuu na wanafunzi waliuawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo, nami sitaigusa. Ninachojua ni kilichofuata kwenye meza zetu. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na kwa chuo kikuu kilichotegemea misaada hiyo kwa vitabu, kwa vipuri, hata kwa karatasi, hilo lilikuwa pigo la shingo. Mwezi Septemba mwaka huo huo mgodi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka, na uzalishaji wa shaba ukashuka mpaka kufikia mwaka 1993 ulikuwa chini ya tani 50,000. Mshahara wa mume wangu ulianza kuchelewa wiki, kisha miezi.

Oktoba 1991 wakaja waporaji. Walianza askari wasiolipwa, wakafuata raia. Ofisi yetu ilibebwa vitasa, madirisha, viti, taa. Roneo waliitoa nje, wakaona ni nzito, wakaiacha barabarani ikiwa imelala ubavu. Karatasi nyeupe zilichukuliwa zote. Karatasi zilizokwisha kuchapwa zilimwagwa sakafuni na kukanyagwa, na nyingine zikachukuliwa za kuwashia makaa. Asubuhi ile mzee wa mtambo aliokota stensili zilizosalia, akazikung'uta vumbi moja moja, akaniambia nizishike kwa pembe tu. Hakuna aliyemwagiza. Mshahara wa miezi mingi tulikuwa tunaudai, na wenye ofisi walikuwa wamekwisha kuondoka mjini.

Pigo lililoniuma kuliko yote halikuwa uporaji. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa wetu wa Katanga, uliokuwa ukiitwa bado Shaba. Likasi na Kolwezi maelfu kwa maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na watoto walikufa pale. Lubumbashi haikuwaka kama kule, lakini hofu iliingia kila mtaa. Mzee wetu aliondoka na familia yake kwenda Kasai, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Alinikabidhi kisanduku cha vipuri vya roneo na daftari aliloandika vipimo vya wino. Nilimwuliza tutafanyaje bila yeye. Akajibu kwamba mashine haina kabila. Sikumwona tena. Nasema wazi kwamba Lubumbashi ilijitia umaskini kwa mikono yake siku zile: tuliwafukuza wachapaji, walimu na mafundi, kisha tukashangaa kwa nini kazi haziendi.

Kwa deni la mshahara wangu nilipewa mashine ya kuandikia iliyochakaa na stensili zile zilizookotwa. Ndiyo yote niliyolipwa. Niliiweka mashine barazani nyumbani, mtaa wa Katuba, juu ya kisanduku cha bia, nikaandika kwa chaki kwenye ubao: TASNIFU, BARUA, SILABUSI.

Fedha wakati huo ilikuwa imekufa. Januari 1993 wafanyabiashara waliikataa noti mpya ya zaire milioni tano, na kabla ya mwaka kwisha ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Ukipokea malipo asubuhi, jioni hayanunui hata sabuni. Kwa hiyo wanafunzi walinilipa kwa vitu. Kijana wa kwanza alisimama mlangoni akiona haya: "Mama, sina na franga, niko na bunga tu." Nikamwambia bunga ni franga nzuri kuliko zote. Sura moja ya tasnifu ilikuwa kikombe kikubwa cha unga. Wengine walileta makaa, mafuta ya mawese, lengalenga, samaki waliokauka. Mmoja aliyekuwa anaandika juu ya udongo wa Kafubu alitulimia shamba letu dogo mpaka akamaliza msimu, na mimi nikammalizia utangulizi, sura na viambatisho vyake vyote.

Niliandika mchana kwa macho na usiku kwa koroboi. Binti yangu mkubwa alinisomea mswada kwa sauti ili nisipoteze muda wa kuinua kichwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na kidogo, akisoma maneno ya Kifaransa ambayo hata baba yake hakuyajua, na akikwama alinitamkia herufi kwa herufi. Shule yake ilikuwa ikiendeshwa kwa mifuko ya wazazi, kwa maana serikali ilikuwa imeacha kuwalipa walimu, na kila mwezi tuliambiwa tuchangie pesa ya mwalimu au mtoto abaki nyumbani. Mara nyingi alibaki nyumbani. Lakini nadhani ndiye mtoto pekee wa mtaa wetu aliyejua maana ya "nadharia tete" na jinsi ya kuandika tanbihi.

Karatasi ndiyo iliyokuwa tabu kuu. Ilitoka Zambia au Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mikononi mwa wanawake walioificha katikati ya vitenge na magunia ya unga, na bei ilipangwa na wabadilishaji fedha wa barabarani. Rimu moja tuliigawana watu watatu. Tuliandika pande zote mbili. Tulitumia mgongo wa fomu za zamani za ofisi zilizokufa. Kuna tasnifu za miaka ile ambazo ukigeuza ukurasa unakuta orodha ya mgao wa unga wa kambi fulani ya migodi, na walimu walizisimamia na kuzipitisha hivyo hivyo. Nawaheshimu sana walimu wale. Walifundisha bila mshahara, wakiishi kwa kuuza silabusi zao kwa wanafunzi, na wengi wamelaumiwa kwa hilo. Mimi niliyezipiga silabusi hizo najua bei yake ilikuwa ndogo na njaa yao ilikuwa kubwa. Bila silabusi, darasa zima lisingekuwa na hata ukurasa mmoja wa kusoma. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya uchapaji iliyobaki: mwalimu, mpiga mashine, na kijana wa kuzungusha roneo.

Wakati ule ule karatasi zilizochapwa zilikuwa zinauzwa sokoni kwa kilo. Watu waliokuwa wamepora ofisi, na wengine waliouza tu karatasi za marehemu baba yao ili wale, walizipeleka kwa wauza karanga. Mama mmoja wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, alikuwa na rundo lililofika gotini, akichana kurasa na kuzikunja kuwa vifuko. Niliona majarida ambayo sote kazini tuliyatolea jasho. Sikuwa na pesa ya kuyanunua. Nilirudi nyumbani, nikaenda kwa mjenzi jirani, nikamwomba mifuko mitupu ya saruji, ile ya tabaka nyingi. Nikatoa tabaka za ndani zilizo safi, nikazikata sawa kwa kisu, nikampelekea yule mama. Akazipima kwa mkono, akasema zinafaa kuliko zake, hazina wino wa kuchafua karanga. Tukabadilishana, rundo kwa rundo. Tangu hapo aliniwekea kila kilichokuja. Mama huyo asiyejua kusoma alinisaidia kuokoa vitabu vya chuo kikuu, na sikusikia amewahi kushukuriwa na yeyote. Namshukuru hapa.

Aprili 1997 askari wa AFDL, waasi waliompinga Mobutu, waliingia Lubumbashi, Zaire ikawa Kongo tena, na mwaka uliofuata vita vingine vikaanza. Sitakaa hapo. Mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alipokea bahasha yake, akalipa madeni, akabaki na fedha za kununua kompyuta moja iliyotumika na mashine ndogo ya kuchapa. Nilimpinga, nikitaka mahindi. Alisema: "Miaka hii yote karatasi imetulisha. Shaba ilituacha." Alifariki baadaye, na sikupata neno la kuweka kwenye kumbukumbu yake lililo zuri kuliko hilo.

Binti yangu ndiye aliyenifundisha kompyuta. Sasa tuna kibanda cha kutaipu na fotokopi, na yeye, aliyemaliza chuo kikuu kwa tasnifu aliyoitaipu mwenyewe, anasahihisha miswada ya vitabu. Chuo kikuu nacho kilijikokota mpaka kikainuka. Ushirikiano na Wabelgiji ulirudi. Presses Universitaires de Lubumbashi wanatoa vitabu. Tangu mwaka 2000 wanahistoria wakiwa na Donatien Dibwe dia Mwembu wamekuwa wakikusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji huu, wachimbaji, wake zao, watoto wao, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Hatimaye tuliandikwa na watu waliotuuliza kwanza.

Lakini lipo jambo linaloniuma. Vitabu vingi vya kumbukumbu hizo vimechapwa Paris, kwa mchapishaji L'Harmattan, na bei yake kwa yuro ni chakula cha wiki cha familia ya Katuba. Mchimbaji aliyetoa historia ya maisha yake hawezi kununua kitabu alichomo. Sikatai Paris. Najua msomi anahitaji jina litakalotambuliwa, na najua hapa karatasi bado ni ghali na umeme bado unakatika. Ila nakumbuka kwamba mwaka 1965 mfanyakazi wa nyumbani wa mji huu, André Yav, aliandika kwa Kiswahili chetu historia ya Élisabethville kwa niaba ya wenzake waliowapikia na kuwafulia Wazungu, na maandishi hayo yakapigwa mashine na kurudufiwa hapa. Hawakuwa na chuo kikuu nyuma yao, wala msaada wa kutoka ng'ambo. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, aliyatoa upya Ulaya pamoja na maelezo yake, na leo yanasomwa na wanahistoria duniani kote. Ikiwa maboi waliweza kwa stensili, sisi wenye kompyuta tunashindwa na nini?

Mudimbe alipofariki Marekani mwezi Aprili 2025, kijana mmoja alikuja kibandani akitaka kitabu chake chochote. Alikuwa amesikia redioni kwamba mtu mkubwa wa Katanga amekufa. Nilichokuwa nacho ni nakala ya fotokopi iliyofifia. Nikamnakilia tena hiyo hiyo, naye akaondoka akiwa na furaha. Mimi nilibaki na uchungu, kwa sababu mwandishi huyo alifundisha kilomita chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ninyi maprofesa wetu, mkichapa Paris, andikeni kwenye mkataba kwamba toleo la bei nafuu litachapwa Lubumbashi, hata kama ni kwa jalada la rangi moja, na mumlipe mpiga mashine kabla ya sherehe ya uzinduzi. Na wewe unayesoma haya ukiwa Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi au Likasi: fungua lile sanduku la baba yako. Ukikuta humo jarida la CELTA, Likundoli, Mwana Shaba la zamani, silabusi ya miaka ya tisini au kijitabu kilichobanwa kwa pini mbili zenye kutu, usikiuze kwa kilo. Kipeleke maktaba ya chuo kikuu, hata kikiwa hakina jalada.